Viduara Vinavyoelekea kwa Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na Mzee Rula ametangaza kwamba ikiisha naye ataondoka, anastaafu. Mzee Rula ndiye mkuu wa chumba chetu cha michoro. Jina alilipata kwa sababu mpaka leo, kila kitu kikiwa ndani ya kompyuta, yeye hutoa rula mfukoni, akaibandika kwenye skrini, akapima, akasema, "Hapana, hii si sawa." Ukicheka, unakuta kweli si sawa.

Bosi, msanifu mwenye ofisi, alisimama mlangoni na kikombe chake akasema kiti cha Mzee hatampa mtu wa nje. Atampa mmoja wetu, na atamchagua kwa kazi hii mpya ya kliniki ya akina mama. Ukimtoa Mzee, humu ndani tuko wanne. Wawili wamekuja juzi, bado wanauliza choo kiko wapi. Kwa hiyo tumebaki wawili: mimi, niliyekuwapo tangu kabla hatujawekewa zulia, na Wifi.

Wifi ni mdogo wa mume wangu, na anaishi kwetu. Kazi hii nilimtafutia mimi, kwa mdomo wangu huu huu. Nilimwambia Bosi, "Mchukue, ana mkono mzuri." Nilikuwa na haraka gani?

Kazi imegawanywa. Mimi nimepewa ramani kubwa ya sakafu, jengo zima. Wifi amepewa vile vyumba ambavyo kwenye ramani kubwa vinaonekana vidogo mno kuchorwa vizuri, akavikuze mara tano: vyoo, ngazi, na vyumba viwili vya kujifungulia. Nilifurahi kimoyomoyo. Nilijua mimi nimepata mnofu na yeye kaachiwa mifupa. Kiti ni changu, nikikosa sasa sitakipata tena.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Wifi amepika. Mume wangu ameongeza sahani ya pili bila kuombwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekuta ukutani, karibu na mlango wa Bosi, kimebandikwa choo.

Simaanishi matusi. Ni choo cha wagonjwa, kilichokuzwa, kazi ya Wifi. Kila kigae kiko mahali pake, vyuma vya kushikia, upande mlango unakofungukia, hata ndoano ya kutundikia kanga. Watu wanapita wanasimama. Mhasibu, ambaye hajawahi kuitazama ramani yangu hata mara moja, alisimama na karanga zake akasema, "Hiki hata mimi ningekaa."

Nani anabandika ramani kubwa ukutani? Ramani kubwa ni mistari tu. Mimi ndiye niliyeamua ukuta upite wapi mpaka choo kikapata pa kukaa, lakini hakuna aliyesimama na karanga mbele ya ukuta wangu.

Roho imeniuma mchana kutwa. Naandika hapa ili isiniume kwa sauti.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Wifi alivuta kiti chake hadi mezani kwangu, akiongea kwa ile sauti yake ya upole inayonikera kwa sababu haina hila.

"Wifi, nifungulie faili lako basi, nikuwekee viduara."

Nieleze, maana mwanangu akija kusoma haya siku moja asifikiri mama yake alirukwa na akili kwa ajili ya viduara. Kwenye ramani kubwa, chumba kilichokuzwa kwingine huzungushiwa mstari wa vipande vipande, na pembeni huwekwa kiduara chenye namba mbili. Ya juu ni namba ya mchoro, ya chini ni namba ya karatasi utakakoukuta. Fundi akifika hapo anasoma, anafunua karatasi hiyo, anaona chumba kikubwa na vipimo vyake vyote. Bila kiduara, fundi ni kipofu.

Sasa kiduara kina njia mbili za kujazwa. Unaweza kukiunga na karatasi ya mwenzako, kompyuta ikaandika namba yenyewe. Karatasi ikihamishwa, namba nayo inahama, na ukikibonyeza kinakurusha moja kwa moja hadi kwenye mchoro unaotajwa. Hicho Mzee Rula anakiita kiduara hai. Au unaandika namba kwa mkono wako, ikabaki pale milele, karatasi ihame isihame. Hicho anakiita maiti. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Somo la kwanza alilotupa kila mmoja wetu lilikuwa hilo: kiduara usikiandike, kiunge.

Nikamjibu Wifi, "Nitaviweka mwenyewe."

"Ni dakika chache tu, Wifi. Na we una kazi nyingi."

"Nimesema nitaviweka mwenyewe."

Nyumbani ameshaingia jikoni kwangu. Chumvi ameihamisha, kisu kikubwa kimehamia droo ya juu, na mume wangu anasema sasa jiko lina mpango. Kwenye faili langu haingii mtu. Na nikiviunga, ramani yangu itakuwa inamfuata yeye: akihama nami nahama, akigeuka nami nageuka. Mimi niliyemfundisha kushika kipanya!

Nikakaa nikaandika kila namba kwa mkono. Havikunichukua hata muda wa chai. Vinapendeza.

Ijumaa, 14 Machi

Paa la ofisi linavuja juu ya meza yangu. Juu ya ya Wifi halivuji. Sisemi kitu.

Jumatano, 19 Machi

Binti yangu amepewa kazi ya shule, achore nyumba yao. Nilinawa mikono, nikachonga penseli, nikakaa. Yeye akachukua karatasi yake akaenda zake chumbani kwa shangazi yake.

"Njoo nikusaidie mama, hii ndiyo kazi yangu."

"Shangazi ananichorea na vijiko ndani ya droo," akasema. "We unachora kuta tu."

Nilicheka mbele ya watu. Halafu nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa zimeshaanuliwa. Na nani? Ndiyo, na Wifi.

Jumatatu, 24 Machi

Mume wangu kaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Akasema, "Mke wangu, ukimya wako una kelele." Nikamwambia kama hanipendi nikinyamaza akaongee na dada yake. Akaenda kweli. Nimewasikia wakicheka sebuleni habari za utotoni, za mbuzi fulani aliyekula sare ya shule. Mbuzi huyo nimemsikia mara mia na kila mara wanacheka upya.

Alhamisi, 27 Machi

Kikao cha kazi. Fundi mkuu alikuja na matope hadi magotini, akaweka kofia mezani, akasema upande wa mashariki wa kiwanja umejaa maji, hawezi kuanza huko. Anataka aanzie magharibi, na michoro ya magharibi iwe mbele ili vijana wasichanganyikiwe.

Kabla sijafungua mdomo, Wifi alikuwa ameshasimama ubaoni. Vyumba viwili vya kujifungulia ni pacha, kimoja kimegeuzwa, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Cha mashariki kilikuwa karatasi ya kumi na mbili, cha magharibi ya kumi na tatu. Akasema tuvibadilishane: magharibi ichukue kumi na mbili, mashariki iende kumi na tatu. Rahisi. Fundi mkuu akapiga meza kofi. "Huyu ndo mtu!"

Bosi akageuka kumtazama Mzee Rula, kisha akasema maneno ambayo bado yako masikioni mwangu: "Hivi ndivyo anavyofikiri mkuu wa chumba."

Mkuu wa chumba. Mbele yangu. Mzee Rula alitikisa kichwa kukubali, yeye aliyekuwa akiniita mkono wake wa kulia.

Tukitoka, Wifi akanishika kiwiko. "Wifi, namba nishazigeuza. Viduara vyako si vitajibadilisha vyenyewe?"

Ningesema nini? Nikisema hapana, nakiri kwamba niliandika kwa mkono kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na naye atajua kwa nini.

"Ndiyo," nikasema. "Vitajibadilisha."

Ijumaa, 28 Machi

Sijavirekebisha. Umeme ulikatika asubuhi kwa radi.

Ulirudi saa sita.

Jumatatu, 31 Machi

Michoro imekwenda kwa fundi. Mzee Rula hakuikagua yote, kifua kimembana kwa baridi hii, alisaini akikohoa. Bosi aliuliza, "Viduara?" Wifi akajibu kabla yangu: "Viko hai, Wifi kavishughulikia." Akanitazama kwa tabasamu, la kunipa sifa.

Daftari hili ni langu, kwa hiyo humu nisidanganye. Sikusahau. Kila nilipolifungua faili niliviona, viwili vile, kumi na mbili kwa mashariki na kumi na tatu kwa magharibi, na kila mara nikasema kesho. Sikutaka jengo liharibike. Nilitaka tu fundi apige simu, aseme namba hazieleweki, Bosi akunje uso kidogo kwa yule anayefikiri kama mkuu wa chumba. Kidogo tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Fundi hajapiga.

Jumanne, 8 Aprili

Jua. Siku ya pili ya jua. Nasikia huko kiwanjani wamekimbilia kumwaga zege la sakafu upande wa magharibi kabla mawingu hayajarudi. Fundi bado hajapiga. Labda ameelewa mwenyewe. Mafundi wana akili.

Jumatatu, 14 Aprili

Amepiga.

Bosi aliweka simu kwa sauti ya wazi, wote tukasikia.

"Bosi, mlango wenu una bomba."

"Bomba gani?"

"Hilo mlilolichora. La maji machafu. Limechomoza katikati ya njia ya mlango, na zege limeshakauka. Mama akija na uchungu alirukeje?"

Nilikwenda chooni nikajifungia. Chumba cha magharibi kilijengwa kwa mchoro wa mashariki. Fundi alifika kwenye kiduara changu, kikamwambia kumi na tatu, akaenda kumi na tatu, akakuta chumba cha kujifungulia, sawasawa kwa ukubwa, sawasawa kwa jina, maana Bosi hapendi maneno mengi kwenye mchoro. Kinachovitenganisha vile vyumba ni kiduara peke yake. Akapitisha mabomba yote upande usio wake, akayafunika kwa zege. Niliomba Bosi akunje uso. Sikuomba zege.

Saa sita fundi mkuu akafika mwenyewe, amelowa, karatasi kaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Akaitandaza mezani na kidole chake kilichochubuka.

"Mimi sijatoa kichwani. Kiduara hiki hapa. Someni."

Bosi hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze. "Nani aligeuza namba?"

"Mimi," akasema Wifi.

"Na viduara?"

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye ndoo juu ya meza yangu. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua. Lakini Bosi alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta yangu, amefungua ramani kubwa, amefika kwenye chumba cha magharibi. Nikaona mkono wake kwenye kipanya. Nikajua akibonyeza hakitaruka, na hapo itakuwa mwisho wangu.

Akabonyeza. Kikaruka.

Skrini ilifunguka kwenye karatasi ya kumi na mbili, chumba cha magharibi, sahihi kabisa. Akarudi, akabonyeza cha mashariki. Kikaruka hadi kumi na tatu. Akajaribu cha choo, cha ngazi, cha choo kingine. Vyote hai.

Viduara vyangu havikuwa vinajua kuruka.

"Kwa hiyo kwenye faili viko sawa," Bosi akasema polepole, "na kwenye karatasi vimekosewa. Maana yake michoro ilichapishwa kabla namba hazijageuzwa. Nani alichapisha?"

"Mimi," Wifi akasema tena. "Inawezekana nilichapisha zile za zamani. Samahani sana, Bosi."

Nilimtazama. Yeye hakunitazama. Mzee Rula alikuwa ameshika rula yake mkononi, hapimi kitu, ananiangalia mimi. Nikachukua ndoo nikaenda kuimwaga.

Jumanne, 15 Aprili

Nilimngoja jikoni alipokuja kuchukua maji.

"Umeingia faili langu."

"Nimeingia."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Mungu anisamehe, ndilo neno la kwanza nililomwambia. Mtu kanificha na mvua ya mawe, nami namuuliza mwavuli kautoa wapi.

"Jana fundi alipopiga," akasema, "nilijua. Nikasema acha nione. Neno lako la siri ni jina la mtoto, Wifi, nani asiyelijua? Nikakuta vyote vimeandikwa kwa mkono. Nikaviunga we ukiwa umeenda chooni."

"Kwa nini hukumwambia Bosi?"

Akanywa maji yake yote kwanza.

"Kazi nitapata nyingine. Wifi mwingine sina nguvu za kumzoea."

Akasuuza bilauri akaiweka mahali pake, yaani mahali alipopachagua yeye. Nimekaa na jambo hili kutwa nzima na kitu kinachoniuma kuliko vyote ni hiki: hata wema kanizidi. Ningepata nafasi kama ile, mimi ningesema. Najijua.

Ijumaa, 18 Aprili

Wifi ameondolewa chumba cha michoro. Bosi kamtuma kiwanjani asimamie kuvunja zege na kuhamisha mabomba mpaka kazi iishe. Ni mbali, kwa hiyo amepanga chumba huko huko. Mume wangu kambebea godoro. Binti yangu kalia mpaka kapaliwa.

Nikamwambia Wifi pale mlangoni, "Jitunze." Akasema, "Kisu kiko droo ya juu."

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudisha chumvi mahali pake pa zamani. Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Bosi kaniita, kaniambia kiti ni changu Mzee akiondoka mwezi ujao. Mhasibu kanipa mkono. Wale wawili wapya wananiita Mkuu na kusimama nikipita. Paa wameziba.

Nimemwambia mume wangu wakati wa chakula. Akasema hongera, akauliza kama dada yake ana viatu vya mvua. Sahani ya pili hakuongeza.

Jumanne, 6 Mei

Mvua inapungua. Nimekuta kwenye daftari la shule la mtoto mchoro wa nyumba yetu, ule aliochora na shangazi yake. Kuna vijiko kwenye droo kweli. Kuna mimi jikoni, mikono kiunoni. Shangazi hayumo, maana ndiye aliyekuwa anachora.

Jumatatu, 12 Mei

Leo ilikuwa siku ya Mzee Rula kunikabidhi. Alinipa funguo, kalamu nyekundu ya kukagulia, na kazi yangu ya kwanza kama mkuu: michoro ya kliniki iliyosahihishwa, itolewe upya. Kona ya kila karatasi kuna sehemu mbili. Amechora. Amekagua. Ya pili ni sahihi yangu.

"Anza na viduara," akasema. "Kimoja kimoja. Vibonyeze vyote."

Akaenda zake kunywa chai ya kuagwa.

Nikabonyeza cha choo, nikajikuta kwa Wifi: kile choo cha ukutani, na ndoano yake. Nikarudi ramani yangu. Nikabonyeza ngazi, nikajikuta kwa Wifi, na nikaona amepunguza kidogo kimo cha kila kidato kwa ajili ya mwanamke mwenye tumbo kubwa, jambo ambalo mimi sikulifikiria na nimezaa. Nikarudi. Nikabonyeza cha magharibi. Kwa Wifi. Cha mashariki. Kwa Wifi. Jengo zima, popote ninapotia mkono, napelekwa kwake. Alipoviunga siku ile alikuwa na dakika za mtu aliyekwenda chooni, lakini hakuna hata kimoja kilichopinda.

Na kila karatasi: Amechora, jina lake. Amekagua, pengo, linaningoja.

Nilishika ile kalamu. Nilisema, saini basi, umeitaka mwenyewe. Mkono ukakataa. Sijui kama ni dhamira au ni wivu umefika mwisho wa kamba. Nadhani ni wivu. Nisingeweza kukaa kwenye kile kiti maisha yangu yote nikijua yeye ndiye aliyenikalisha.

Nikaenda kwa Bosi, nikafunga mlango.

"Viduara nilivyompelekea fundi niliviandika kwa mkono," nikasema. "Wifi aliuliza kama viko hai, nikamdanganya. Aliposikia bomba limechomoza akaviunga ili nisionekane. Hakuchapisha chochote cha zamani. Mimi niliona kosa kabla michoro haijatoka, nikaliacha."

"Uliliacha kwa nini?"

"Kijicho, Bosi."

Alikaa akizungusha kikombe. "Na kwa nini unaniambia leo? Kiti si umeshakipata?"

"Ndiyo maana. Hakikaliki."

Akaweka kikombe chini. Nilingoja aseme nikusanye vitu vyangu. Badala yake akasema, "Sijui nikufanye nini wewe. Nitafikiri. Kesho nenda kiwanjani, kamlete. Umwambie wewe mwenyewe."

Jumanne, 13 Mei

Kiwanja ni matope matupu. Nilimkuta Wifi ndani ya chumba cha magharibi, viatu vya mvua hadi magotini, kofia ngumu imeinamia upande. Zege lilikuwa limeshavunjwa, mabomba yamehamishwa, na wanamwaga upya. Wanaume wazima wanamwita Injinia. "Injinia, hapa panatosha?" "Injinia, njoo uone." Pale pale kwenye matope, nimekwenda kuomba msamaha, nikasikia roho inaniuma tena. Wanamwita Injinia!

Nikamvuta pembeni nikamwambia nimesema yote.

Nilidhani atalia. Nilidhani atanikumbatia. Alivua kofia akaniangalia kama mtu aliyeibiwa.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeona tu..."

"Nimekula matusi ya huyu fundi kwa ajili yako toka siku ile! Nimelala kwenye chumba kina siafu! Ungesema siku ile ile, Wifi, au ungenyamaza mpaka kaburini. We umengoja niteseke mpaka mwisho ndo uende ukaseme? Hata thawabu umeninyima?"

Fundi mkuu na vijana wake waliacha kazi wakatusikiliza. Nilisema kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Nilikuonea wivu. Tangu kile choo."

"Choo gani?"

"Cha ukutani."

Kisha akaanza kucheka, hasira bado ziko usoni, akacheka mpaka akashika ukuta. "Wifi," akasema, "kile choo kila ukuta nimenakili kwako. Mimi nimeongeza ndoano tu." Akafuta macho kwa mkono wenye matope, akazidi kujichafua. "Mimi hapa naota siku moja Bosi aniachie jengo zima, na we unanionea wivu wa ndoano."

Nami nikacheka, ingawa kilio kilikuwa karibu zaidi. Kisha akaniambia nisidhani tumemaliza, bado amenikasirikia, na kwamba mkoba wake ni mzito nimshikie.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imekwisha. Mzee Rula ameondoka, rula kaiacha mezani. Bosi kaamua: kiti ni cha Wifi. Mimi nimebaki, kwa onyo, na nitafanya kazi chini yake. Nilipewa nafasi ya kusema lolote. Nikasema paa liangaliwe tena kabla ya masika mengine.

Jioni amerudi nyumbani na godoro lake. Binti yangu kamning'inia shingoni. Mume wangu katembea kwa ncha za vidole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Wifi akaja mpaka mlango wa jikoni, akasimama hapo hapo, hakuingia.

"Naweza?" akauliza.

Hakuwahi kuuliza kabla. Nilikuwa nakoroga. Nikajua nikisema "Ingia" nitalisema vibaya, kwa hiyo nikamnyooshea mwiko. Akaonja.

"Chumvi," akasema.

"Iko pale pako," nikasema. Asubuhi nilikuwa nimeirudisha.

Baada ya kula kanipa ramani yangu kubwa, aliyoikagua leo kwa kalamu nyekundu. Nimeitandaza kitandani, mume wangu kasogea ukutani. Nimeipitia alama kwa alama nikitafuta pa kumshika. Ana haki kwenye zote isipokuwa moja, ya ukuta wa ghala. Hiyo nitambishia kesho mbele ya watu mpaka anikome.

Kona ya chini ameshasaini. Amechora, mimi. Amekagua, yeye. Nimeitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Roho inaniuma kidogo, si kama zamani, na viduara vyote nimeviunga.